Joginder Singh: Fundi wa Kericho Aliyeishinda Safari Mara Tatu

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932 na kufariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Katika maisha hayo alishinda mara tatu mbio za magari za Safari, zilizohesabiwa kuwa miongoni mwa mbio ngumu kuliko zote duniani. Alishinda mwaka 1965, akarudia 1974, kisha 1976. Hakuna dereva aliyefikisha ushindi wa tatu kabla yake. Wakenya walimwita Simba wa Kenya, na magazeti ya ng'ambo yakamwita Singasinga Anayepaa.

Hesabu ya ushindi haielezi yote. Kati ya 1959 na 1980 Joginder alishiriki Safari mara 22 na kufika mwisho mara 19. Hiyo ni zaidi ya asilimia 86, katika mashindano ambayo kuna miaka magari tisa kati ya kumi yalikwama, yalivunjika au yalichelewa kupita kiasi. Kwa hiyo swali la msingi juu ya maisha yake si jinsi alivyokuwa na kasi. Swali ni jinsi mtu mmoja alivyoweza kulifikisha gari mwisho mwaka baada ya mwaka, huku wenzake wenye magari ya bei kubwa na timu za viwanda wakibaki njiani. Jibu linaanzia katika nchi aliyozaliwa na kazi aliyolelewa nayo.

Kericho, Kisumu na watu wa reli

Kericho iko kilomita 80 hivi kutoka Kisumu, juu ya miinuko inayolitazama bonde la Nyando na Ghuba ya Winam. Joginder alipozaliwa, wilaya ya Kericho ilikuwa sehemu ya Jimbo la Nyanza, na makao makuu ya jimbo yalikuwa Kisumu. Mji huo ulikuwa mwisho wa reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence.

Reli hiyo ilijengwa kwa jasho la wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Takriban 2,500 walikufa kazini, wengi walirudi kwao, na wasiopungua 6,000 walibaki Afrika Mashariki. Miongoni mwa waliobaki, na wale waliowafuata baadaye, walikuwamo Masingasinga kutoka Punjab. Wengi wao walikuwa wa jamii ya Ramgarhia, ambayo kwa jadi ni jamii ya maseremala, wahunzi na waashi. Wazazi wa Joginder walitoka Punjab.

Kisumu ilikuwa shule kubwa ya ufundi wa chuma. Meli za kwanza za ziwani, ikiwamo William Mackinnon, ziliundwa Uskoti, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa kwa bahari na nchi kavu, kisha zikaunganishwa upya kwenye gati la Kisumu. Kazi ya namna hiyo ilitaka watu waliojua kusoma mchoro, kupiga ribiti, kupasha chuma moto na kutengeneza kipuri kilichopotea badala ya kungoja kingine kiletwe kutoka Ulaya. Maarifa hayo yalienea bara. Wahindi walilima miwa Kibos tangu mwanzo wa karne ya 20, kiwanda cha sukari kikaanzishwa Miwani katika miaka ya 1920, na katika miaka hiyohiyo makampuni makubwa ya chai yakaingia Kericho. Trekta, lori na mitambo ya mashamba ilihitaji mafundi, na kila mji mdogo wa eneo hilo ukawa na karakana yake.

Nchi yenyewe ilikuwa mtihani kwa gari lolote. Kericho hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, mara nyingi ikinyesha alasiri ikiwa na mawe na radi. Udongo wake mwekundu huteleza vibaya unapolowa. Chini, kwenye tambarare za Kano, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukikauka hupasuka nyufa, na ukilowa hulishika gurudumu na kutolinyanyua tena. Kutoka Kericho kushuka hadi Kisumu gari hupoteza karibu mita 900 za mwinuko, likitoka kwenye baridi ya mashamba ya chai na kuingia kwenye joto la ziwa. Dereva aliyekulia katika nchi hiyo alijifunza mapema kwamba barabara ya asubuhi si barabara ya jioni.

Safari ilipima nini

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Waanzilishi wake walikuwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent. Wakati huo Kenya ilikuwa na uwanja wa mbio wa Langa Langa, karibu na Gilgil, lakini Vincent hakupendezwa na kuzunguka njia ileile. Alitaka mashindano ya kuvuka nchi, ambapo atakayerudi wa kwanza ndiye mshindi. Wazo la awali lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria lote. Likaachwa kwa sababu ya hofu ya mvua, na njia ikachorwa upya kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika.

Katika miaka ya mwanzo magari yalitakiwa kuwa ya kawaida, kama yalivyouzwa dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake. Lengo lilikuwa kumwonyesha mnunuzi wa Afrika Mashariki gari gani lingeweza kuhimili barabara zake. Mwaka 1960 jina likabadilishwa kuwa East African Safari, na baadaye mbio zikawa na urefu wa kilomita 5,000 hivi, zikikimbiwa mchana na usiku wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeshaanza.

Njia haikufungwa. Magari ya mashindano yalikutana na mabasi, malori, mikokoteni, ng'ombe na watoto wa shule. Kila timu ilipewa muda wa kufika kituo cha ukaguzi, na kila dakika ya kuchelewa iliongezwa kwenye adhabu yake. Mshindi alikuwa yule mwenye adhabu ndogo kuliko wote. Kwa utaratibu huo, dereva aliyepata dakika tano kwa kasi na kupoteza saa moja kwenye matope alikuwa amepata hasara. Springi iliyovunjika usiku wa manane katikati ya pori ilimaanisha kwamba anayejua kuitengeneza ataendelea, na asiyejua atalala hapohapo.

Tofauti na mashindano maarufu ya Marekani ya kipindi hicho ni kubwa. Kule Indianapolis, dereva Bill Vukovich alishinda mbio za maili 500 mwaka 1953 na 1954, akafa mwaka 1955 akiwa anaongoza mbio hizohizo. Huko magari yalizunguka kwenye njia ya duara ya kilomita nne, na kikosi cha mafundi kilisubiri pembeni. Safari ilimtoa fundi pembeni ikamweka ndani ya gari. Hata hivyo, kuna jambo moja lililofanana pande zote mbili: madereva wengi wakubwa wa zama hizo walianzia karakana. Phil Hill, Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1961, naye alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva.

Kutoka karakana hadi ushindi wa 1965

Joginder alijifunza kazi katika karakana ya baba yake tangu ujana, akianzia chini kabisa kwa kuosha vyuma na kumkabidhi fundi spana. Mwaka 1958 akawa mtu wa kwanza kuajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kupiga doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanachama walioharibikiwa na magari. Hakuna mafunzo bora zaidi ya Safari kuliko hayo. Kila siku alikutana na gari asilolijua, limezimika mahali pasipo na duka la vipuri, na mwenyewe akitaka kufika nyumbani kabla ya giza. Alilazimika kusikiliza, kukisia na kutengeneza kwa alichokuwa nacho mkononi.

Mwaka uliofuata akaingia Safari kwa mara ya kwanza. Mchezo huo wakati huo ulitawaliwa na Wazungu, kama ulivyotawaliwa na Wazungu uongozi wa vilabu, biashara ya magari na serikali yenyewe. Waasia hawakukosa kabisa: D. P. Marwaha alikuwa mwelekezi, yaani msomaji wa njia kando ya dereva, wa Vic Preston walipoibuka washindi mwaka 1954. Lakini usukani wa gari la ushindi ulikuwa bado haujashikwa na Mwasia. Joginder hakuwa na kiwanda nyuma yake wala fedha za kujigharimia gari jipya kila mwaka. Alichokuwa nacho ni mikono yake na ndugu zake.

Dalili ya kwanza ya ukubwa wake ilionekana mwaka 1963. Mvua ilinyesha vibaya mno, na kati ya magari 84 yaliyoanza, saba tu yalimaliza. Joginder alikuwa katika hayo saba. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404.

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta timu yake ya kiwanda ikiwa na magari aina ya PV544, na haikufua dafu. Moja ya magari hayo yaliyokwisha kupigwa na barabara za Afrika Mashariki likaingia mikononi mwa Joginder. Halikuwa gari la kisasa. Umbo lake la mgongo wa mviringo lilitokana na michoro ya miaka ya 1940, na Volvo ilikuwa karibu kuacha kulitengeneza, jambo lililotokea kabla ya mwaka 1965 kwisha. Lakini lilikuwa na bodi imara, injini ya lita 1.8 isiyolalamika, na vipuri vichache vya kuharibika. Joginder na mdogo wake Jaswant walilifungua, wakalikagua kipande kwa kipande, wakaimarisha palipodhoofika na kulifunga tena. Walifanya kwa gari lile kazi ambayo mafundi wa gati la Kisumu walikuwa wamezifanyia meli miongo sita kabla.

Pasaka ya 1965 ndugu hao waliondoka wa kwanza, gari lao likiwa na namba 1. Namba hiyo ilikuwa na faida na hasara yake. Aliye mbele hali vumbi la mtu, na hukuta matope kabla hayajavurugwa na wengine. Lakini pia hana alama za magurudumu za kumwonyesha kina cha maji kwenye kivuko wala upande salama wa barabara iliyolowa. Joginder alitegemea macho yake, na Jaswant akatunza ramani na saa. Walirudi Nairobi wakiwa wa kwanza pia. Gari lililokuwa limeshindwa mikononi mwa timu ya kiwanda lilishinda mikononi mwa mafundi wawili wa hapahapa.

Mwaka huohuo wa 1965, mwanariadha Kipchoge Keino kutoka Nandi, wilaya jirani na Kericho, aliweka rekodi za dunia za mita 3,000 na mita 5,000. Kenya ilikuwa na umri usiotimia miaka miwili, na watoto wawili wa miinuko ya magharibi walikuwa wamelitangaza jina lake.

Ushindi huo ulikuwa na uzito wa kisiasa pia. Baada ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia, na muda huo ulikuwa unaishia Desemba 1965. Swali la nani ni Mkenya lilijadiliwa bungeni, madukani na majumbani, na miaka michache baadaye maelfu ya familia za Kiasia zilihamia Uingereza. Katikati ya hali hiyo, umati wa Waafrika ulimshangilia Singasinga mwenye kilemba kama mtu wao. Jina la Simba wa Kenya lilitoka kwa wananchi. Halikumaliza ubaguzi wala mashaka ya zama zile, lakini lilionyesha kwamba wananchi wa kawaida walikuwa tayari kumhesabu mtu kwa kazi yake.

Miaka ya subira, 1966 hadi 1973

Kutoka ushindi wa kwanza hadi wa pili ilipita miaka tisa, na miaka hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi aina ya dereva aliyekuwa. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda Tanzania, kwa Bert Shankland na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ilirudi kwa ukali ule wa 1963. Zaidi ya magari 90 yalianza na kwa mara nyingine yakamaliza saba. Nowicki na Cliff walishinda tena, na Joginder, safari hii akiendesha Datsun Cedric, alikuwamo tena katika saba. Kumaliza katika mwaka mmoja wa namna hiyo kungeweza kuitwa bahati. Kumaliza katika yote miwili, kwa magari ya kampuni mbili tofauti, hakuwezi kuelezwa kwa bahati.

Mwaka 1969 alimaliza wa pili akiwa na Volvo, na mwaka 1970 akawa wa pili tena akiwa na Datsun 1600 SSS, nyuma ya Edgar Herrmann. Kipindi hicho Safari ilikuwa inabadilika. Kampuni za Japani ziliitambua kama mahali pa kuthibitisha ubora wa magari yao, na Ulaya nayo ikatuma madereva wake bora. Kwa karibu miaka 20 hakuna mgeni aliyeweza kushinda, mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipovunja mwiko huo mwaka 1972 akiwa na Ford Escort. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano mapya ya ubingwa wa dunia, na mshindi akawa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda katika familia ya wenye mashamba ya miwa ya Lugazi na kuja Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972.

Mabadiliko hayo yangeweza kumfunga Joginder. Alikuwa amepita umri wa miaka 40, na mchezo ulikuwa umehama kutoka kwa mtu mwenye karakana kwenda kwa kampuni yenye ndege, helikopta na magari ya huduma. Yeye akajifunza kufanya kazi na kampuni bila kuacha alichokijua.

Lancer na ushindi wa 1974 na 1976

Mwaka 1974 mbio zilipewa jina la Safari Rally, na njia yake ikabaki ndani ya Kenya. Joginder alikuja na gari ambalo ulimwengu wa mbio haukulijua: Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR. Mwelekezi wake alikuwa David Doig. Mbele yao walikuwapo Porsche 911 ya Björn Waldegård wa Sweden, Datsun za kiwanda na Lancia. Mvua ilikuwa nyingi, na magari yenye nguvu yakageuka mzigo kwa walioyaendesha. Joginder alishinda, Waldegård akawa wa pili. Kwa Mitsubishi huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza kabisa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, miaka mingi kabla jina la Lancer halijavuma duniani.

Mwaka 1976 Mitsubishi ilirudi na timu kamili. Joginder na Doig walishinda, Robin Ulyate akafuata, na Andrew Cowan wa Uskoti akawa wa tatu, wote katika Lancer. Gari dogo la familia lilichukua nafasi zote tatu za juu. Ushindani wa wakati huo unapimwa vizuri kwa Lancia Stratos, gari lililotengenezwa kwa ajili ya mbio tu na kuipa Lancia ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976. Stratos halikuwahi kuishinda Safari.

Joginder alishindana pia nje ya Afrika, yakiwemo mashindano ya Southern Cross nchini Australia, lakini umaarufu wake ulibaki umefungwa na Safari. Aliendelea kushiriki hadi 1980. Rekodi yake ya ushindi ilivukwa na Mehta, aliyeshinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 na kufikisha ushindi wa mara tano.

Maelezo manne ya mafanikio yake

Maelezo ya kwanza yanayotolewa ni ujuzi wa nchi. Ni kweli kwamba mwenyeji aliijua rangi ya maji ya kivuko chenye kina na harufu ya mvua iliyo nyuma ya mlima. Kama hilo lisingekuwa na uzito, wageni wasingengoja mpaka 1972. Lakini kila mwaka walikuwapo wenyeji wengi waliozijua barabara hizo vilevile, na wengi wao hawakumaliza. Ujuzi wa nchi ulikuwa sharti la kushinda, haukuwa sababu ya kutosha.

Maelezo ya pili ni gari. Ushindi wa 1974 na 1976 ulipatikana kwa msaada wa kiwanda, na Lancer lilikuwa gari jepesi na imara. Hata hivyo Volvo la 1965 linaipunguza nguvu hoja hiyo, kwa kuwa magari ya aina hiyohiyo yalishindwa mwaka mmoja kabla yakiwa chini ya watengenezaji wake. Joginder alifika mwisho kwa magari ya Sweden na ya Japani, ya miundo tofauti kabisa. Kilichobaki palepale katika yote ni mtu aliyekuwa nyuma ya usukani.

Maelezo ya tatu ni waelekezi wake. Hapa kuna ukweli unaosahaulika mara kwa mara. Jaswant Singh na David Doig walisoma njia, walipiga hesabu za muda, walisukuma gari kwenye matope na kukesha pamoja na dereva. Mtu mmoja hawezi kushinda peke yake mbio za siku kadhaa, na historia inayomtaja Joginder peke yake imekatwa nusu. Bado, alishinda akiwa na waelekezi wawili tofauti na kufika mwisho akiwa na wengine zaidi.

Maelezo ya nne, na yenye uzito kuliko yote, ni ufundi wake. Fundi anayeendesha huisikia injini kwa namna nyingine. Mlio mdogo wa beringi humwambia apunguze mwendo sasa ili asisimame baadaye. Huijua tofauti kati ya shimo linaloumiza abiria na shimo linalovunja springi. Gari likiharibika, hapotezi muda kutafuta ugonjwa, kwa sababu alikuwa ameshautilia shaka kilomita nyingi nyuma. Kwa hiyo aliendesha kwa kasi ambayo gari lingeweza kuihimili hadi mwisho, hata kama mwingine alikuwa mbele kwa siku ya kwanza. Kiwango chake cha kumaliza mara 19 kati ya 22 kinaeleweka kikitazamwa hivyo, na ushindi wake mara tatu ulikuwa matunda ya mazoea hayo.

Maelezo haya hayapingani. Nchi ilimfundisha, ndugu na waelekezi walimsaidia, viwanda vilimpa nyenzo katika nusu ya pili ya safari yake ya michezo. Ufundi ndio uliounganisha yote.

Urithi

Safari ya aina aliyoijua Joginder imekwisha. Kenya iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002, na iliporudi mwaka 2021 mbio zilifanyika hasa Naivasha na maeneo ya karibu, kwenye vipande vifupi vya njia vilivyofungwa kwa wapita njia. Ni salama zaidi kwa madereva na kwa wananchi, na hakuna sababu ya kutamani kurudisha magari ya mbio kwenye barabara za watu wanaokwenda sokoni. Lakini wananchi wa magharibi ya Kenya, ambao wazee wao walisimama pembeni mwa barabara usiku kucha wakisubiri taa za magari, na ambao mara nyingi ndio walioyasukuma yalipozama kwenye matope, sasa huyatazama mashindano hayo kwa mbali.

Urithi wake mwingine umebaki karibu zaidi. Katika karakana za jua kali za Kibuye mjini Kisumu, kama zilivyo za Kericho na Ahero, vijana bado wanajifunza kwa njia aliyojifunza yeye: kuanza na spana, kusikiliza fundi mkubwa, kufungua na kufunga mpaka mkono uzoee. Kazi hiyo bado inadharauliwa na wazazi wengi, wanaoiona kama kimbilio la mtoto aliyeshindwa shule. Maisha ya Joginder Singh yanaikanusha dhana hiyo kwa ushahidi wa miaka 22.

Vyuo vya ufundi vya Kisumu na Kericho vina sababu ya kufundisha habari zake pamoja na masomo ya injini, na kaunti hizo mbili zina sababu ya kulitunza jina lake hadharani, kama Wakenya wanavyolitunza jina la Keino. Alikuwa mtoto wa nchi hii, alishinda kwa kazi ya mikono yake, na kijana anayeshika spana leo anastahili kujua kwamba bingwa wa Safari alianzia pale alipo yeye.